Inavujia Wapi? Oili na Land Rover ya Zamani



Kuna kauli ambayo kila mwenye Land Rover ya zamani ameshaambiwa, na mara nyingi ameambiwa na fundi wake mwenyewe: Land Rover isiyodondosha oili ujue imeishiwa oili. Watu wanacheka, wanatafuta kopo wanaliweka chini ya injini, maisha yanaendelea. Mimi kauli hiyo siipendi. Imeua injini nyingi zilizokuwa na miaka ya kazi mbele yake, na imewapa mafundi wavivu ruhusa ya kutotafuta.

Nazungumzia hasa Series III, ile ndefu tunayoiita 109, ya petroli, silinda nne. Ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985. Ndiyo iliyombeba mganga mkuu wa wilaya, bwana misitu, polisi na padri wa parokia ya mbali, na bado kuna barabara za milimani ambako mvua ikinyesha hakuna gari jingine la kukufikisha. Oktoba 2024 Land Rover za kila umri zilimiminika Arusha kwa mamia kwenye tamasha lake, na aliyepita pale aliona jinsi watu wanavyozipenda. Gari linalopendwa hivyo linastahili kutunzwa, si kuwekewa kopo.

Na injini yenyewe haina siri. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2286, bloku ni chuma cha kalibu, hedi ni chuma cha kalibu, na umbo lake kubwa ni lile lile lililoingia sokoni mwaka 1958. Hakuna kompyuta wala sensa za kukuchanganya. Kila mahali panapoweza kuvuja, mkono unafika au jicho linafika. Kwa hiyo mtu akikwambia oili inavuja na haijulikani inatoka wapi, maana yake hajaangalia.

Tuanze na madhara, maana wapo wanaosema tone moja moja lina hasara gani. Sampu ya injini hii inachukua kama lita sita. Tone moja moja kutoka Same hadi Dodoma ni kiasi ambacho dipstiki itakionyesha, na dereva asiyepima asubuhi hatakiona. Series III nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na taa tu ya oili kwenye dashibodi, hazina geji. Taa ile inawaka presha ikiwa imeshaanguka kabisa. Injini ikiwa moto na nzima, na gari likiwa mwendoni, presha inatakiwa iwe kati ya 35 na 65 kwa kipimo cha psi. Ikishuka chini ya hapo kwenye mlima mrefu, beringi za krankshafti zinaanza kulika wakati wewe unaangalia mandhari. Halafu kuna klachi: ikilowa oili inateleza, gari linanguruma bila kupanda. Kuna mpira wa mauntingi ya injini, ambao oili inaulainisha mpaka unapasuka. Na oili ikidondokea manifoldi ya ekzosi iliyopata moto, unapata moshi ndani ya gari, na siku mbaya unapata moto wenyewe.

Sasa inavujia wapi?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba oili haionekani pale ilipotokea. Ni kama bati linalovuja: tone linaangukia sebuleni, msumari uliolegea uko upande wa jikoni, na maji yametembea juu ya mbao njia yote hiyo. Oili nayo inatiririka kwenda chini, na gari likitembea, upepo wa feni na wa safari unaisukuma nyuma. Hivyo hata ikitoka juu kabisa, au mbele kabisa, mwisho wa safari yake ni nyuma chini ya injini, kwenye hauzing ya flaiwili.

Na pale chini ya hauzing pana tundu dogo. Wahandisi waliliweka kwa makusudi, ili oili ikipenya mle ndani itoke nje badala ya kujaa na kulowesha klachi. Gari linapovuka mto unalifungia tundu hilo plagi yake, ukishavuka unaitoa. Wengi hawaijui hiyo plagi. Wanachojua ni kwamba tundu linadondosha, na fundi akilala chini akaona tone linaning'inia pale anatoka na hukumu: sili ya nyuma ya krankshafti imekufa, lazima tushushe giaboksi.

Hukumu hiyo ni ghali mno. Kwenye Series III, kuifikia sili ya nyuma ni kung'oa viti, kung'oa mabati ya sakafu, kung'oa lile boksi la viti lote, kisha giaboksi na transfa vinatolewa, mara nyingi kwa kunyanyuliwa kupitia ndani ya kebini. Baada ya hapo klachi, kisha flaiwili. Bolti zilizokaa miaka 40 zinakatika, nyingine zinachongwa upya. Ni kazi ya siku kadhaa na fedha nyingi. Ukimaliza yote ukarudisha, na bado inadondosha, utamwambia nini mwenye gari?

Alinijia mzee mmoja, mstaafu wa misitu, na 109 yake ya kijani ambayo ameitunza tangu kazini. Gereji mbili zilikuwa zimempa jibu hilo hilo la sili ya nyuma, na moja ilishamwandikia makadirio. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba kwanza tuioshe."

Akanitazama. "Mwanangu, nimeileta itengenezwe, siyo ioshwe."

Nilimwelewa. Lakini injini yenye tope la oili la miaka mingi haiwezi kukuonyesha kitu. Kila mahali pamelowa, kila mahali panashukiwa. Kazi yote ya kutafuta uvujaji inaanzia kwenye kuosha. Injini ikiwa imepoa, unafunika distribyuta, karabureta na alternata kwa mifuko ya plastiki. Unachukua mafuta ya taa na brashi, unasugua kuanzia kava la tapeti lililo juu ya hedi hadi sampu, mbele kwenye puli hadi nyuma kwenye hauzing. Unasuuza kwa maji na sabuni, unafuta, unaacha pakauke kabisa. Usiharakishe hapo. Mafuta ya taa yaliyobaki kwenye kona yatakudanganya kwamba ni oili mpya.

Pakishakauka, unachukua poda ya watoto, ile ya kawaida ya dukani, unapaka kwa kitambaa kila unaposhuku: ukingo wa kava la tapeti, zile kava mbili za ubavuni, kitako cha pampu ya petroli, kuzunguka oili filta, kuzunguka sampu. Injini inakuwa nyeupe. Unaegesha gari mahali tambarare, unatandika kadibodi safi chini, unachora juu yake mahali matairi yalipo ili ujue kila tone limeanguka chini ya sehemu gani. Kisha unawasha na kuacha injini ipate moto kweli kweli, maana oili baridi ni nzito na haitoki penye ufa mdogo.

Halafu unakaa na tochi na kioo kidogo cha kujitazamia kilichofungwa kwenye waya. Kioo ni muhimu, kwa sababu nyuma ya hedi na ukuta wa kebini pana nafasi ndogo sana, na ndiko mambo mengi yanakotokea. Unatafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Hicho ndicho chanzo. Oili yote iliyo chini yake inaonyesha njia tu. Zipo pia rangi maalumu za kuchanganya kwenye oili zinazong'aa ukizimulika kwa taa yake, na ukizipata zitumie, lakini poda nayo inafanya kazi.

Kwenye gari la yule mzee hatukusubiri sana. Kwenye kioo, kona ya nyuma ya kava la tapeti, poda ilibadilika rangi. Kwanza doa, kisha mstari mwembamba wa kahawia ukashuka nyuma ya hedi, ukapita kwenye bloku, ukaingia juu ya hauzing, ukaizunguka na kwenda kuning'inia pale pale kwenye tundu. Mzee aliinama akaangalia mwenyewe. Nikafunga kitambaa cheupe kwenye waya nikakiingiza ndani ya tundu, nikakizungusha. Kilitoka kikavu. Oili ilikuwa inatembea nje ya hauzing, ndani haikuwamo. Ukitaka uhakika zaidi unafungua stata na kumulika ndani: sili ya nyuma ikiwa ndiyo inayovuja, flaiwili huirusha oili na ukuta wa ndani wote hulowa. Wa mzee ulikuwa na vumbi la klachi tu.

Gasketi ya kava la tapeti kwenye injini hii ni ya koki. Koki ni kitu kizuri, lakini haitaki nguvu. Kava lenyewe linashikiliwa na nati tatu tu juu, na hapo ndipo vijana wa gereji wanapoharibu. Wanaona oili, wanakaza. Oili inaendelea, wanakaza zaidi. Koki inabanwa mpaka inapasuka na kutoka nje kama imetafunwa, na bati la kava linapinda. La yule mzee lilikuwa limepinda ukingo wa nyuma, pengine kwa sababu kuna siku lilikwanyuliwa kwa bisibisi. Kava la namna hiyo ukiliwekea gasketi mpya hata kumi litavuja tu.

Dawa yake ni hii. Unang'oa kava, unakwangua koki kuukuu yote, unaliweka kava juu ya kioo cha dirisha au ubao ulionyooka kabisa. Penye upenyo unapaona. Unanyoosha kwa nyundo ndogo taratibu, kipande cha mbao ngumu kikiwa chini, unapima tena, mpaka ukingo ukae wote. Kisha unagandisha koki mpya kwenye kava kwa gundi, unaacha ikauke kwa kubanwa sawasawa, na upande wa hedi unauacha mkavu, safi. Hivyo siku ya kupima valvu utalitoa kava bila kuchana gasketi. Nati unazikaza zikabane vizuri, basi. Na angalia washa zilizo chini ya nati hizo tatu. Zikichoka, oili inapanda juu ya kava na kutiririka kote, na wewe utailaumu koki bure.

Tungeishia hapo, gari lingerudi baada ya muda. Kwa sababu nilipofungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, hewa ilitoka kwa kishindo, pah, pah, pah, na harufu ya oili iliyoungua. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye gari la zamani aishike. Injini inapumua. Pistoni zinashuka, na gesi kidogo ya mwako kila mara inapenya kwenye ringi na kuingia chini, kwenye sampu. Gesi hiyo lazima itoke kwa njia yake, ile tunayoiita briza, yenye wavu wa waya ndani. Njia ikiziba, gesi inajaa, na inatafuta mahali pengine pa kutokea. Inasukuma oili kwenye koki, kwenye sili ya mbele, kwenye sili ya nyuma, popote penye udhaifu. Utabadilisha sili zote, na ndani ya muda mfupi zote zitavuja tena, na kosa halikuwa la sili.

Wavu wa briza ya mzee ulikuwa umeganda masizi mazito meusi. Ukiuinua kuelekea jua huoni mwanga hata chembe. Kitabu cha gari kinataka uoshwe kwa petroli kwenye kila sevisi kubwa. Tuliuloweka, tukausugua, tukaupuliza mpaka mwanga ukapita, na bomba lake la mpira nalo tukalisafisha. Tuliporudisha na kuwasha, ile pumzi ya kishindo ikapungua ikawa kidogo tu. Kama isingepungua, hapo ungejua ringi au silinda zimekwisha, na kipimo cha kompresheni kingekuambia ni silinda gani. Huo ungekuwa ugonjwa mwingine, ambao gasketi haiutibu.

Sasa niguse sehemu nyingine, maana si kila Land Rover ni ya yule mzee.

Ukiona oili inadondoka haraka injini ikiwa inanguruma, na ikizimwa inaacha, basi tafuta mahali penye presha. Hapo washukiwa ni wawili kwa kawaida. Swichi ya taa ya oili, ile iliyokaa karibu na filta, inavuja kupitia kichwa chake cha plastiki mahali waya unapochomekwa. Hiyo unabadilisha, haitengenezwi. Na filta yenyewe. Filta za gari hizi ni za kopo la chuma lenye filta ya karatasi ndani, na juu kuna ringi ya mpira iliyozama kwenye mfereji wake. Ringi ya zamani inaganda humo mpaka unadhani ni sehemu ya chuma. Fundi mwenye haraka anaweka mpya juu ya ya zamani. Mpira juu ya mpira haubani, na siku presha ya asubuhi ikipanda, oili inamwagika kwa wingi. Ing'oe ya zamani kwa sindano nene au pini, hakikisha mfereji umebaki chuma kitupu.

Oili ikiwa imelowesha mbele yote ya injini, shuku sili ya kava la timing chain, nyuma ya puli. Puli inairusha, feni inaipeperusha, na injini nzima inalowa. Hapo kabla ya kupachika sili mpya pitisha ukucha kwenye shingo ya puli inapogusana na sili. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliolika, sili mpya peke yake haitasaidia. Shingo inatakiwa ivalishwe pete nyembamba ya chuma, au sili ikae mbele kidogo ya pale palipolika.

Kava mbili za ubavuni, zinazofunika mahali tapeti zilipo, zinasahaulika sana kwa kuwa zimejificha. Bolti ya kumwagia oili kwenye sampu nayo ina washa ya shaba. Ikishabanwa mara nyingi inakuwa ngumu. Ipashe kwenye moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, inarudi kuwa laini. Au nunua nyingine.

Kabla ya yote hayo, gusa tone na ulinuse. Kama lina harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya giaboksi, EP90, na umekuwa ukiishtaki injini bila hatia. Transfa inavuja nyuma kwenye dramu ya hendibreki, na zile tufe za chuma za magurudumu ya mbele zinavuja kwa sili zake. Ni habari ya siku nyingine.

Na kuna wakati ni sili ya nyuma kweli. Umeosha, umepaka poda, juu kote ni kavu, briza ni safi, kitambaa kimetoka kwenye tundu kimelowa oili ya injini. Hapo shusha giaboksi bila kusita. Lakini kaa na fundi wako umuulize kuhusu vile vipande viwili vyenye umbo la herufi T vinavyokaa kushoto na kulia kwa kofia ya beringi ya nyuma. Utakuta sili kubwa inabadilishwa, vipande hivyo vinaachwa, au vinapachikwa vikiwa vimekatwa vifupi. Vinatakiwa viachwe vikitokeza kidogo ili sampu ivibane. Ukivikata sawa na chuma, oili itapita hapo hapo, na sili mpya italaumiwa. Ukiwa umeshafungua, angalia pia sili ya mbele ya giaboksi, na klachi kama imelowa ibadilishe, kwa kuwa hutapenda kung'oa vile viti mara ya pili.

La mwisho ni silikoni. Inauzwa kila duka la spea, na imekuwa jibu la kila kitu. Ina mahali pake, kwenye kona chache, kwa kiasi cha punje. Lakini ukiipaka kama siagi, ile inayobinyika ndani inakatika, inaelea kwenye sampu, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Umezuia tone la nje, umeinyima injini oili ndani. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza mara nyingi. Hali kadhalika kubadili aina ya oili: injini hii ilitengenezwa kutumia oili nzito ya 20W-50, na ukiitilia oili nyepesi ya magari ya kisasa, itapita penye nyufa ambazo nzito isingepita.

Mzee aliondoka na gari lake na makadirio ya ile gereji yakiwa yamekunjwa mfukoni. Alibadilishiwa koki, washa tatu, na briza ikaoshwa. Giaboksi halikuguswa.

Kwa hiyo, msikilizaji mwenye Land Rover, Peugeot 404, Volkswagen, au gari lolote la zamani linaloacha doa uani kwako, nakuomba jambo moja. Fundi akikuambia lazima tushushe giaboksi, usigombane naye, na usimlipe. Mwambie aioshe injini kwanza, aipake poda, aiwashe, kisha akuite uje uone kwa macho yako mahali oili inapotokea. Akikataa kukuonyesha, peleka gari kwa fundi mwingine.